Moshi wa Jiko la Kishiwa

Kuanzia stesheni hadi sokoni Kilosa, hapakuwa na mtu aliyejua maradhi ya watu kama Hildegarda, na hapakuwa na mtu asiyeweza kutibu hata mafua kama Hildegarda huyohuyo. Kazi yake pale kituo cha afya haikuwa kutibu. Kazi yake ilikuwa kuyapa maradhi namba. Tabibu akimaliza na mgonjwa, maelezo yanaletwa kwenye chumba chake chenye dirisha dogo, yeye anayasoma, kisha anaingiza kwenye kompyuta msimbo wa ugonjwa: herufi moja na tarakimu zake. Malaria ina msimbo wake, kuhara kuna wake, mguu uliovunjika una wake, na kama uliuvunja kwa kuanguka kutoka mgongoni mwa punda, wapo watu huko ulimwenguni waliokaa kwenye viti vyao wakalifikiria hata hilo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imepita umri wa kustaafu. Ukibonyeza herufi, unaweza kwenda sokoni, ukagombana na muuza dagaa, mkapatana, mkaulizana habari za watoto, na ukirudi unaikuta herufi ndiyo kwanza inachungulia kwenye kioo. Hildegarda hakuilaumu. Aliifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anavyomfuta mtoto kamasi, na kila msimbo aliuingiza kwa adabu, kwa sababu kwake yeye mtu aliyeandikiwa ugonjwa usio wake ni kama mtu aliyezikwa kwa jina la mwingine.

Chumba chake na cha tabibu Jastin vilitenganishwa na ukuta mwembamba wa silingibodi, na silingibodi haijawahi kuzuia neno. Hildegarda alisikia yote na hakutoa hata moja nje. Ndivyo alivyosikia siku Bibi Kishiwa alipomleta mjukuu wake Dotto, kijana mrefu anayebeba mizigo ya wageni kwenye hoteli moja kule Mikumi, na ambaye sasa alikuwa anakohoa mpaka kofia inamvuka.

Kishiwa hakumwacha aingie peke yake. Ndiye aliyemlea tangu Shimba, mwanawe, baba yake Dotto, alipomezwa na pombe ya gongo akaacha mtoto anayetambaa. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mgonjwa akasimama.

"Dotto, unavuta sigara?" tabibu akauliza. "Au kitu kingine chochote?"

"Havuti," Kishiwa akajibu. "Huyu hata chai ya rangi inamlewesha."

"Namuuliza yeye, Bibi."

Kikohozi kikasikika upande wa pili wa silingibodi.

"Kama alivyosema Bibi," Dotto akasema.

Angesema nini kingine? Kwa watu wa kwao, aliyekulea akishasema jambo mbele ya mgeni, limesemwa. Humkosoi, labda kama umechoka kula kwake.

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Kuni," Kishiwa akasema. "Mvua ikinyesha, kuni mbichi. Jiko letu halina dirisha, na huyu tangu mchanga nilikuwa namlaza humo humo apate joto."

Tabibu akashusha pumzi kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Akaandika kwamba kifua kimeumizwa na moshi wa jikoni. Maelezo yakaja dirishani, Hildegarda akatafuta msimbo wa njia ya hewa iliyochomwa na moshi, akauingiza, akaisubiri kompyuta ifikirie.

Sasa, Hildegarda alikuwa Mluguru na Kishiwa Msukuma, na hao ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akalala ndani ya jeneza kabla ya marehemu, na ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kosa. Basi Kishiwa aliposimama dirishani, Hildegarda alimwamkia kwanza kama inavyopasa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Mluguru. Bado hujabingirika tu kutoka huko mlimani?"

"Sisi tunalima tumejifunga kamba kwenye visiki. Hatari mnayo ninyi mnaofuata mkia wa ng'ombe. Ulitoka Shinyanga kutafuta malisho, ukashtukia uko Kilosa."

Benchi la wagonjwa likacheka, hata mwenye jino bovu.

"Umemwandika nini mume wangu?" Kishiwa akauliza. Mume wangu ndiye mjukuu. Bibi wa huku hana jina jingine zuri kuliko hilo la kumwita mjukuu wa kiume.

Hapo ndipo utani ulipomponza Hildegarda.

"Nimeandika umemkausha kwa moshi kama samaki wa Mwanza. Kompyuta inasema jiko lifungwe, na mpishi arudishwe kwao."

Benchi likacheka tena. Kishiwa naye alicheka, meno yake machache yote yakaonekana. Kisha akamshika Dotto mkono, akaondoka nalo lile neno kama mtu anayeondoka na kaa la moto ndani ya khanga.

* * *

Dotto alirudi mwezi Juni, safari hii peke yake. Hakwenda kwa tabibu. Alisimama dirishani, akakohoa, na Hildegarda akasikia harufu ya embe bivu.

Embe, Kilosa, mwezi Juni. Mwezi huo ukitafuta embe utapata jani. Hildegarda akanusa tena. Haikutoka sokoni wala kikapuni. Ilitoka kwenye shati la kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bibi yako mzima?"

"Ndiyo nililojia." Akainama mpaka kidevu kikagusa kizingiti cha dirisha. "Bibi hapiki. Tangu siku ile hajawasha moto. Ameyatoa mafiga nje, ameyaegemeza ukutani. Anakula michembe mikavu, vile viazi vya kukausha, na maji. Mimi ananiletea chakula kutoka kwa jirani, kimefunikwa, anasimama mbali nikila, eti nguo zake bado zina moshi."

Hildegarda akaacha kibodi.

"Na Jumamosi anapanda treni ya bara," Dotto akaendelea. "Anarudi Shinyanga. Anasema moshi wake umekaa kifuani kwangu miaka yote hii, akiondoka yeye mimi nitapona. Mama, naomba uifute ile namba. Mwambie Bibi kompyuta ilikosea."

"Kompyuta haikosei, inachelewa tu." Hildegarda alitaka kucheka akashindwa. Neno lake mwenyewe, la kuchekesha benchi, lilikuwa linamfungia mwanamke mzima mizigo. "Dotto, hebu niambie. Hilo embe umelitoa wapi?"

Kijana akaangalia nyuma, akaangalia pembeni, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu cha zambarau, kinene kidogo kuliko kalamu ya kuandikia ubaoni.

"Vepu," akasema. "Sigara ya umeme. Mgeni mmoja aliisahau chumbani. Nikajaribu. Ilipoisha nikatafuta nyingine. Haina moto mama, haina majivu, ni mvuke tu. Mwanzoni niliona kama napumua juisi."

"Na sasa?"

"Sasa nisipoivuta mpaka saa nne, nakasirikia hata viatu."

Alimsimulia yote, na mengine yalikuwa ya kuchekesha hata kwa mtu mwenye huzuni. Kule Mikumi nyani walishamzoea. Akitoka nyuma ya hoteli kuvuta, wanashuka wote, mkubwa mbele, wanakaa kwa heshima wakisubiri agawe hilo embe. Siku moja dume zee lilimpekua mifuko, likakuta kile kidude, likakilamba, likamtazama kwa namna ambayo hata meneja hajawahi kumtazama.

"Hata nyani kakuhurumia," Hildegarda akasema. "Sikiliza, mwanangu. Mimi siwezi kufuta. Naandika alichosema tabibu, na tabibu anaandika unachosema wewe. Wewe hukusema."

"Bibi alikuwepo."

"Leo hayupo."

Dotto akakifumbata kile kidude. Kisha akaenda akapanga foleni.

Silingibodi ikaleta kila kitu. Tabibu Jastin hakumfokea. Alimwambia, "Kosa langu hili, nilipaswa kumtoa bibi yako nje kwanza." Akampima upya, akamsikiliza mapafu mbele na nyuma. Akamweleza kwamba ndani ya ule mvuke mna nikotini, ileile ya tumbaku, na ndiyo inayoukaba mwili mpaka ukasirikie viatu. Na kwamba kifua chake kimechubuka lakini bado ni kichanga, kitarudi akikiacha kipumzike.

Maelezo mapya yakaja dirishani. Hildegarda akatafuta. U07.0, ugonjwa utokanao na kuvuta sigara za mvuke. Hakuwahi kuuingiza tangu aajiriwe. Kompyuta nayo haikuwahi kuuona. Ilizunguka, ikahema, ikapepesa, mpaka Hildegarda akaipigapiga mgongoni, ikakubali. Chini yake akaongeza F17.2, mwili uliotekwa na tumbaku. Ule wa moshi wa jikoni ukaondoka kwenye kioo bila kuaga.

"Tayari," akamwambia Dotto. "Ukweli umeingia. Sasa nenda ukamwambie bibi yako."

"Mwambie wewe mama. Wewe ni mtani wake."

"Ningeweza kumwambia amezaliwa kwenye zizi, akacheka. Hili siwezi. Ugonjwa ni wako, mdomo ni wako. Mimi nikilitoa hapa, kesho na mimi nitatolewa kazini."

"Nitamwambiaje?" Macho yalikuwa yamemjaa. "Baba alikwenda kwa pombe. Bibi huwaambia watu wote kwamba mimi nimetoka tofauti, ndiyo sifa yake pekee aliyobaki nayo. Nikimwonyesha hiki, atamwona Shimba."

"Na usipomwonyesha, Jumamosi hatakuona wewe."

Dotto akajifuta macho kwa mkono wa shati. Aliondoka akikohoa, na embe likamfuata mlangoni.

* * *

Jumamosi asubuhi Hildegarda hakuweza kunywa chai. Alifika nyumbani kwa Kishiwa, karibu na reli, umande haujakauka. Kila kitu kilikuwa tayari uani: godoro limekunjwa, debe, ungo, na kuku mmoja ndani ya tenga akiwa na uso wa msafiri. Dotto alikuwa anafunga kamba polepole sana, fundo moja analifunga analifungua.

Mafiga yalikuwa ukutani, matatu, yameegemea kama watoto walioadhibiwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuhakikisha naondoka?"

"Nimekuja kuchukua haki yangu. Mtani akihama, mali anairithi mtani." Hildegarda akakaa juu ya godoro, kwa uzito wake wote, nao si haba. "Hili langu. Huyo kuku pia namwona ananipenda."

"Ondoka kwenye godoro langu, Mluguru. Treni haisubiri makalio yako."

Lakini Kishiwa hakuwa na nguvu ya utani siku hiyo. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kizingiti, mbali na Dotto, upande ambao upepo usingempelekea kijana harufu ya nguo zake.

"Huko Shinyanga utakaa na nani?" Hildegarda akauliza.

"Nitaona."

"Nani aliyebaki?"

"Nimesema nitaona." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nilimlaza jikoni, mama. Usiku wa baridi nilimweka karibu kabisa na moto, nikaona namtunza. Kumbe nilikuwa namjaza moshi. Kilichokufanya ucheke siku ile ni ugonjwa wa mtoto wangu."

Hilo lilimchoma Hildegarda mahali ambapo hakuna namba. Alimtazama Dotto. Dotto alikuwa anaitazama kamba.

Basi Hildegarda akainuka, akaenda ukutani, akakumbatia figa la kwanza, akaliingiza jikoni. Akarudi, akachukua la pili.

"Unafanya nini?"

"Nyumba nimeirithi. Nataka kupika."

"Hildegarda, usiwashe moto humo. Mtoto yupo."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Hildegarda hakusimama. Alipanga mafiga, akakusanya vijiti na maganda ya mahindi, akapiga kiberiti. Moto uliposhika, moshi ukatoka mlangoni mwepesi, wa kijivu, ukaelekea uani kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Kishiwa aliruka. Mwanamke aliyekuwa anaishi kwa michembe na maji aliruka kama binti. Hakukimbilia moto; alimkimbilia Dotto. Alivua khanga ya mabegani, akamfunika nayo pua na mdomo, akamshika kichwa kwa mikono miwili akikivuta kuelekea barabarani, huku yeye mwenyewe ameugeuzia moshi mgongo ili umpate yeye.

"Usivute, mume wangu. Bana pumzi. Bana."

Dotto akasimama pale, mrefu kumpita kwa kichwa na shingo, amefunikwa uso na khanga, na mabega yakaanza kumtikisika. Kishiwa akadhani ni kikohozi. Hakikuwa kikohozi.

"Bibi, si moshi wako."

"Nyamaza, unauvuta."

"Si moshi wako, Bibi. Haujawahi kuwa moshi wako." Akaishusha khanga, akatoa kile kidude mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha bibi yake. "Ni hiki. Nakivuta kazini. Nimekivuta hata hapa nyumbani, nyuma ya choo. Tabibu nimeshamwambia. Wewe nilikuogopa."

Kishiwa akakigeuza kidude. Akakinusa.

"Embe," akasema.

"Ndiyo Bibi."

"Mimi natafuna michembe mikavu mpaka taya zinaniuma, na wewe una embe mfukoni."

Hakuna aliyejua kama pale palikuwa pa kucheka. Hildegarda alisimama mlangoni mwa jiko na kijiti mkononi.

"Kwa nini hukusema pale kwa tabibu?" Kishiwa akauliza.

"Ulishajibu wewe."

Bibi akakaa tena kwenye kizingiti. Treni ya bara ilisikika ikipiga honi upande wa stesheni, na hakuna aliyegusa mzigo hata mmoja, isipokuwa kuku aliyenyanyua shingo.

"Nilijibu," Kishiwa akasema mwishowe. "Nilijibu haraka. Shimba naye nilikuwa namjibia. Watu wakiuliza, Shimba anakunywa? Nasema hanywi, ni uchovu wa shamba. Pale kwa tabibu nilijibu upesi kwa sababu niliogopa ungejibu wewe."

Dotto akachuchumaa mbele yake. Bibi akamfuta uso kwa ncha ya khanga, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyegoma kuoga. Kisha akamwangalia Hildegarda.

"Mluguru, moto wako unazimika. Hata kuchochea hamjui huko mlimani?"

"Nichochee mwenyewe, au nimwite mwenye jiko?"

Kishiwa akainuka akaingia jikoni.

* * *

Jumatatu walikuja wote wawili. Dotto aliingia kwa tabibu peke yake na Kishiwa akabaki kwenye benchi, mikono magotini, akiukodolea mlango macho kama mtu anayesubiri ugali uive. Dotto alipotoka, tabibu alikuwa amempangia siku za kurudi, na kile kidude kimebaki mezani kwa tabibu, kikinukia embe peke yake.

Kishiwa akaja dirishani.

"Tabibu kamwambia mwili utakuwa unamdai," akamwambia Hildegarda. "Kama mdai wa kweli, asubuhi mlangoni."

"Ndivyo unavyokuwa, Bibi. Wiki za mwanzo."

Bibi akafungua fundo la khanga kiunoni, akatoa kikopo kidogo cha bati. Ugoro. Hildegarda akauona unga wa kahawia, akanusa, akapiga chafya iliyoamsha mtoto mmoja kwenye benchi.

"Huu nao ni tumbaku," Kishiwa akasema. "Nauvuta tangu niolewe. Nikiamka, kabla sijasalimia mtu, mkono unaenda hapa. Nao una namba?"

"Una namba. Lakini mimi siandiki nisicholetewa. Mwambie tabibu."

Kishiwa akajifunga khanga vizuri, akaelekea mlangoni. Dotto akanyanyuka kumfuata.

"Wewe kaa hapo," bibi akasema. "Utanijibia."

Silingibodi ilileta sauti yake, ya taratibu, ikijieleza kwa mara ya kwanza maishani, na Hildegarda, ambaye alikuwa amezoea kusikia kila kitu, aliinuka akaenda kufuta vumbi dirisha la upande wa pili mpaka wakamaliza.

Maelezo yalipokuja, akaingiza: F17.2. Kompyuta, labda kwa kuwa ilishazoea njia, haikuchukua hata muda wa kwenda sokoni.

"Ni ileile ya mume wangu?" Kishiwa akauliza, akisimama kwa ncha za vidole aone kioo.

"Ileile. Yeye ana na nyingine ya kifua. Hiyo yenu ya pamoja ni hii."

Bibi akakitazama kioo kwa muda, ingawa hakujua kusoma. Kisha akasema, "Wabeja," ndiyo asante ya kwao, akakiacha kikopo cha bati kwenye kizingiti cha dirisha, akamshika mjukuu wake mkono. Walikwenda hatua chache tu, Hildegarda bado anawasikia.

"Utaweza mpaka kesho?"

"Sijui, Bibi."

"Mpaka jioni je?"

Dotto akalitazama jua.

"Mpaka jioni naweza."

"Haya, na mimi mpaka jioni. Jioni tutaulizana tena."